Jino la mtani kwenye mchicha

Jamani, leo damu imemwagika kwenye mchicha.

Tulikuwa bustani ya mtaa hapa Lindi, kwenye ngoma ya kumkumbuka marehemu Mwalimu Seifu, aliyetufundisha kuchora na kupiga ngoma. Ngoma zimeshapashwa moto, watu wametulia.

Mara akaingia Mzee Namtuka, mtani wa Mwalimu, kavaa kofia ya marehemu. Akajilaza juu ya ngoma kubwa.

"Haipigwi mpaka mnipe kuku! Huyu Seifu naye msanii? Akichora ng'ombe, unaona mbuzi!"

Tulicheka mpaka machozi. Mtani msibani ndiyo kazi yake, nani asiyejua?

Hamisi hajui. Mtoto wa marehemu, kakulia Dar.

Alimrukia mzee wa watu, ngumi ya mdomo. Jino likaruka. Wajukuu wa mzee wakamvamia, mmoja na mpini wa jembe. Mwingine akamkaba kwa waya wa spika. Matuta yote yamesambaratika. Mimi nilienda kuamua, nikala kiwiko. Jicho halifunguki.

Aliyemaliza ugomvi ni mjane. Alishika mchi, akamtandika mwanawe mgongoni mpaka akapiga magoti.

"Unampiga mtani wa baba yako? Siku yangu atanicheka nani?"

Mzee akatema damu. "Hata ngumi hajui. Baba yake mtupu!"

Hakuna aliyecheka. Maana alikuwa analia, na mtani huwa halii.

Hamisi, najua unasoma hapa. Kofia ninayo, nimeifua damu. Kesho wewe mwenyewe utampelekea mzee.

Na kuku wake.