Hodi Bila Kungoja

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mzito wa kuitika. Ukipiga hodi kwake, huku Kipatimu milimani, atamaliza kwanza kutafuna tambuu, atajifunga kanga, atatafuta kandambili ambayo tayari iko mguuni, ndipo aseme karibu. Muuza samaki aliyepanda na baiskeli kutoka pwani hakuwa na subira hiyo. Hodi, hodi, hodi, huyo, kashaondoka. Tukala kisamvu. Bibi akasema, "Yule hapigi hodi, anapiga kelele." Ila kisamvu chake kilikuwa na karanga, acha kabisa... Naam, nimeshapotea.

Muuza samaki nilimkumbuka kwa sababu ya jirani yangu, mwenzangu wa jumuiya ya sala. Yeye na kaka yake wa Kinjumbi waligombea mikorosho ya marehemu baba yao, wakanuniana miaka. Masika haya mtoto wa kaka akapiga simu: "Baba mdogo, baba kazidiwa. Anakuulizia." Asipowahi, watazikana bila kusemezana. Jirani hakwenda. Akasali. Na kusali kwake! Shambani, njiani, bafuni: "Bwana, niende, nisiende? Nipe neno!" Hajameza mate, kaanza tena. Bwana hapati hata pa kupenyeza ndiyo.

Asubuhi moja jumuiya ikakutana kwangu. Ukungu ulishuka mpaka barazani, michungwa ikawa kama inaelea. Shule niliishia la pili, sijui kueleza: tulikuwa kama tumekaa ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Jirani akaanza maombi yake. Mwenyekiti wetu, mama mjane wa Kimakonde, akamkatiza.

"Shemeji, hodi tumeisikia. Mwenye nyumba akiitika utamsikiaje, na wewe bado unagonga?"

"Mama, naomba."

"Unahutubia. Mungu si kiziwi, bwana. Nyamaza."

Tukacheka, kisha tukanyamaza kweli. Umande ukadondoka kwenye makuti, tone, halafu tone. Mimi, nisiseme uongo, niliwaza chai. Baadaye hata chai ikaniacha, nikaona kama vilima vinapumua nasi. Jirani kafumba macho, machozi yanamtiririka.

"Kakwambia nini?" nikamnong'oneza, mimi na mdomo wangu.

"Hajasema neno. Nimemsikia kaka anakohoa. Vile alivyokohoa tukilala mkeka mmoja."

Mwenyekiti hakumcheka. Nami nikawaza, kusikia kwetu ni neno pana. Unasikia njaa, unasikia harufu, mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Sisi tunamngoja Mungu sikioni tu, kumbe Yeye ana milango mingi.

Chai ikaletwa. Jirani hakuigusa. Akainuka, akavaa viatu vyake vya shamba, akashika njia ya kuteremkia Kinjumbi, upande wa pwani, bila kuaga. Ukungu ukamfunika miguu, ukapanda mgongoni, ukafika kofiani. Hakurudi tena huku milimani; alibaki kwa kaka yake.