Konokono Asiye na Gamba

Mama Edina, anayeanika dagaa pale Ikola, ana vyumba vinne vya kupangisha na hasira za karibu. Mwaka huu tu ameshafukuza wapangaji watatu kwa sababu ya redio.

Asubuhi moja mwalimu Zakayo, mpangaji pekee aliyebaki, alimwonyesha kwenye simu picha ya konokono wa baharini, anang'aa kama kitenge kipya juu ya miamba ya matumbawe.

"Mbona hana gamba?"

"Analiacha akiwa mdogo, mama. Anaishi hivyo hivyo, bila nyumba."

Mama Edina alisonya. Konokono wa ziwani kwao wote wana nyumba zao.

"Kelele je, anapiga?"

"Hana hata sauti."

"Basi mwambie aje. Chumba cha uani kiko wazi."