Punje Nne za Crispus

Saa moja asubuhi, Mbololo. Fundi Crispus Mwadime ameketi mbele ya nyumba yake, ndani ya gari kuukuu la mwalimu Tryphena, macho kwenye taa ndogo ya manjano nyuma ya usukani. Chini ya boneti ameunganisha matundu mawili ya kisanduku cha nyaya kwa kipande cha waya, ili taa itaje ugonjwa wa injini kwa namba. Kila ikiwaka, anaweka punje ya mahindi kwenye dashibodi. Mbili, nafasi, mbili tena.

“Ishirini na mbili,” anasema, kisha anasonya. “Hata Hanif alisoma hiyo hiyo.”

Jina hilo halimshuki kooni. Hanif ana gereji Voi mjini, na ndiye aliyetangulia kuyasoma magari ya Kijapani kwa taa. Mwaka 1995 Crispus alipokea magari kumi kwa wiki, akitambua ubovu kwa sikio lake tu. Mwaka huu wa 1998, akipata matatu anashukuru Mungu.

“Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda,” anamwambia Tryphena, aliyesimama kando ya gari. “Nilijificha nyuma ya lori pale gereji kwake, nikamwibia hiyo kazi kwa macho.”

“Nilimwambia, baba Morris, si uende umuulize tu?” anadakia mkewe, Wakio, akipepeta mahindi. “Alininunia siku mbili!”

Namba hiyo ni ya sensa, kile kifaa cha kupima joto la maji ya injini. Hanif amebadilisha sensa hiyo mara mbili, na bado gari linatoa moshi mweusi. Sasa Tryphena amelileta kwa Crispus, na majirani wote wanajua. Akishindwa, hata hayo matatu yatateremka Voi.

Anaufuata waya wa sensa kwa vidole, taratibu, hadi nyuma ya injini. Kusonya kunakoma. Waya umetafunwa. Gari la mwalimu hulala kando ya ghala la mahindi, na panya wamejilia.

“Taa inakuonyesha nyumba,” anasema akicheka peke yake. “Mwizi umtafute mwenyewe.”

Anaunga waya, anafunga utepe, anawasha. Moshi umekwisha.

“Nimwambie Hanif?” anauliza Tryphena.

“Mwambie, mwalimu. Tena polepole, asikie vizuri.”

Wivu haujamtoka, wala hasemi umemtoka. Ana ombi moja tu kwa Mungu.

“Hanif naye ana gari kama hili. Siku moja litamshinda. Aje hapa, Wakio ampe chai, akae kwenye kile kigoda. Mimi nihesabu punje zangu, na yeye anitazame.”