Uso Mwekundu Juu ya Mvule

Nilipoolewa upande wa Butere, kitu cha kwanza kilichonishinda ni miwa. Mimi nimezaliwa Likuyani, nchi ya mahindi, ambako yakishavunwa unamwona jirani anatoka kwake mpaka anafika sokoni. Huku hapakuwa na nafasi ya kuona mtu. Ilikuwa miaka ile kila nyumba imeshikwa na wazimu wa sukari. Mwenye mihogo aling'oa mihogo, mwenye migomba alifyeka migomba, na trekta la kiwanda likalima mpaka karibu na choo. Mavuno yalileta mabati, baiskeli na redio, sikatai. Lakini nilikuwa nikifungua mlango asubuhi naona ukuta wa majani, na pumzi inanibana.

Kitu kimoja tu kiliishinda miwa kwa urefu, nao ni mvule mkubwa nyuma ya jiko la mama mkwe wangu. Niliupenda mti ule kama mtu wa kwetu. Nikiwa nachambua mboga niliinua macho, nikaona matawi, nikaona mbingu, na minana, wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia, wakigombana kutwa nzima.

Baba mkwe alitaka kuukata. Vifaranga wa mama mkwe, ambao mimi ndiye niliyekabidhiwa, walikuwa wanapotea mmoja mmoja, na juu ya mvule alikuwa akija ndege mkubwa wa kijivu mwenye uso mtupu, usio na manyoya. Mara nyingi uso ule ulikuwa wa manjano. Lakini baba mkwe alikuwa amemwona siku nyingine uso umekuwa mwekundu, na kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Kwa mila ya nyumba ile, baba mkwe na mkamwana hawakusemezana. Akipita, mimi najificha jikoni. Akiwa na neno nami, anamwambia mkewe kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mkewe ananifikishia.

"Mwambie huyu wa Likuyani," alisema siku moja, yeye nje, mimi ndani, ukuta wa udongo katikati, "huyo ndege anakunywanga damu. Akimaliza vifaranga anakuja kupanguza mdomo kwa mti wangu. Huo mti unaenda."

"Anasema ndege anakunywa damu, na mti unaenda," mama mkwe aliniambia, utadhani mimi ni kiziwi.

"Mwambie baba nimesikia."

"Amesikia."

Nilisikia, lakini sikuamini. Nina kichwa kigumu. Mama yangu mzazi alinionya kwamba kitanirudisha nyumbani. Basi niliacha kuilalamikia miwa nikaanza kumchunguza ndege. Mabawa yake yalikuwa mapana, mkia mweusi wenye mstari mmoja mweupe katikati, na aliruka polepole kama mtu asiye na safari. Miguu yake ndiyo iliyonichekesha. Ilikuwa mirefu, ya manjano, na ilipinda mbele na nyuma. Aliutumbukiza mmoja ndani ya shimo la mti akapapasa humo kama mama anayetafuta chumvi ndani ya chungu. Baadaye sana, kwenye msitu wa Kakamega, mwongoza wageni alinionyesha picha yake kitabuni, na jina refu la Kizungu. Nilimwambia huyo tunafahamiana.

Alasiri moja alikuja uso wake ukiwa manjano safi. Akajining'iniza kichwa chini kwenye kiota cha mnana, akapiga mabawa, akaingiza mguu. Minana walipiga kelele za kilio. Na hapo, kabla hajatoa kitu, uso wake ulianza kuiva mbele ya macho yangu. Ukawa rangi ya chungwa, kisha mwekundu kama nyanya. Mguu ulitoka mtupu. Kiota hakikuwa na kitu, na hakukuwa na tone la damu popote. Nilicheka peke yangu. Alikuwa amepandwa na moto tu, kama mume wangu timu yake ikikaribia goli redioni.

Nilimweleza mama mkwe, naye akapeleka habari nje.

"Mwambie ndege habadilishangi uso," jibu lilirudi. "Wapasua mbao wanakuja Ijumaa."

Niliumia. Usiniulize kwa nini mti wa watu uniumize. Ulikuwa ndio dirisha langu.

Ijumaa wapasua mbao walikuja na msumeno wao. Siku hiyo jirani alikuwa anachoma miwa yake kabla ya kukata, moshi ukatanda, na tetea alikuwa uani na vifaranga waliobaki. Nilisimama mlangoni mwa jiko, nimenuna, hata kujificha nimekataa. Baba mkwe alikuwa anawaonyesha wale watu upande wa kuangushia. Juu, yule wa kijivu alikuwa na mguu shimoni, hana habari nasi.

Mara kitu cha kahawia kilitoka moshini, kikapita mbele ya kofia ya baba mkwe, kikanyakua kifaranga karibu na viatu vyake. Kilipopanda juu tuliuona mkia umepasuka kama wa samaki. Mwewe! Wale wanaofuata moshi wa miwa kuwinda panya na panzi.

"Umemwona?" baba mkwe alipaza sauti, akinitazama mimi. "Umemwona, mwanangu? Si huyu wa juu!"

"Nimemwona, baba! Na huyu wa juu, angalia uso!"

Aliangalia. Ndege alikuwa ndio anauvuta mguu, ameshika mjusi, na uso unaiva. Baba mkwe alifungua mdomo. Kisha sote wawili tulikumbuka.

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama katikati yetu, alishika kiuno. "Na mimi leo mmeniachisha kazi?"

Baba mkwe alishusha kofia usoni akaelekea kwenye miwa. Wapasua mbao walikunywa chai, wakaondoka na msumeno wao.

Jumapili palichinjwa jogoo. Siku zile wanawake wengi hawakula kuku, na firigisi ilikuwa ya mwenye mji, haiguswi na mwingine. Mama mkwe aliingia jikoni na kisahani. Juu yake palikuwa na firigisi, nzima.

"Amesema ni ya mwenye kujua ndege. Na mvule ubaki."

Niliila pale pale, machozi yananitoka na kicheko pia.

"Mwambie baba asante," nilisema. "Mwambie ni tamu."

"Mwambie mwenyewe," alinijibu. "Mimi nimestaafu."

Nikaugeukia ukuta. "Asante, baba. Ni tamu."

Upande wa pili mtu alikohoa, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Kula."