Dereva Aliyetokea Dirishani

Siku televisheni ilipotangaza kwamba tamthilia ya matajiri wa saruji itarudiwa tangu mwanzo, kila siku alasiri, mke wa fundi makochi alikuwa jikoni anasugua sufuria. Akaacha kusugua. Sebuleni mumewe, aliyekuwa amenyoosha mguu juu ya stuli, alipiga kofi moja kama mtu aliyeua mbu.

"Mama watoto, umesikia?"

"Nimesikia."

"Tangu mwanzo!"

"Nimesikia, baba."

"Basi safari hii nitamwona dereva."

Mama akairudia sufuria yake, akaisugua mpaka ikamwonyesha sura yake mwenyewe. Hakuipenda ile sura.

Nyumba yao ndiyo iliyoanza makosa. Sebule ilikuwa mbele, karakana nyuma, na katikati mlango usiofunguka kiasi cha kumtosha mtu, kwa sababu daima palikuwa na kochi la mteja limelala hapo miguu juu. Tamthilia ilipoanza, miaka ishirini na kitu iliyopita, ilikuwa ikionyeshwa jioni, saa ambayo fundi anakimbizana na kazi za watu. Kwa nyundo na ile cherehani nzito ya kushonea ngozi, alichosikia ni muziki na vilio tu. Maneno hayakumfikia. Basi mkewe akawa anaweka kiti karibu na ule mwanya, anatazama na kumpigia kelele.

"Mzee wa saruji kamfukuza mwanawe!"

"Kisa?"

"Kamkuta na mke wa mhasibu!"

"Dereva je?"

"Yuko nje, anafuta vioo."

Fundi alimpenda dereva tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndiye mtu pekee katika jumba lile mwenye kazi. Wengine wote, alisema, kazi yao ni kupanda ngazi wakilia na kushuka wakilia. Majirani waliosikia matangazo yale kila jioni wakampa mama jina la Redio, na jina likamkaa kama kitambaa kilichopigiliwa vizuri.

Mwaka wa pili wa tamthilia, fundi alimzika baba yake. Alirudi karakana macho yamemvimba, akawa hasemi na mtu. Jioni moja mhasibu mwenye wivu akakata breki za gari la tajiri. Gari likavunja kingo za daraja, likaingia mtoni na dereva ndani yake.

"Dereva je?"

Lilikuwa neno la kwanza kutoka mdomoni mwa fundi tangu asubuhi. Mama akatazama kioo cha televisheni. Palikuwa na mapovu juu ya maji. Kisha hata mapovu hayakuwapo.

"Ametokea dirishani," akasema. "Kalowa tu."

Nyundo ikaendelea.

Alikusudia kumwua baadaye, msiba wa mkwewe ukishapoa. Lakini uongo ni kama kochi, ukishaanza kulivika kitambaa mbele, huna budi kulivika na nyuma. Wiki ikafuata wiki, dereva akazidi kuwa hai, na mama akagundua jambo ambalo hakulitarajia: ana mtu mkononi, na mtu mwenyewe anasikilizwa. Fundi alikuwa mtu mwema, ila ukimpa ushauri anauona kama jiwe limerushwa. Dereva akifanya jambo, hapo nyundo hutulia kidogo.

Mama alikuwa amemsihi aache sigara mpaka sauti ikamkauka. Dereva akakohoa jioni mbili, akaenda hospitali, akaitupa pakiti nje ya dirisha la gari. Fundi akanyamaza siku kadhaa, kisha akatangaza kwamba amefikiri mwenyewe na ameona sigara ni upuuzi. Alikuwa hasemi na kaka yake kwa ajili ya ukuta wa uani. Dereva akaenda kwa kaka yake, kofia mkononi. Binti yao alipopata chuo cha mbali, fundi alikataa katakata, na dereva, naye akiwa na binti, akampeleka chuoni mwenyewe.

"Kwa gari la nani?" fundi aliuliza kutoka nyuma ya kochi.

"La bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Kalala."

"Ana akili huyu bwana."

Nje ya nyumba fundi hakumtaja dereva hata mara moja. Tamthilia, kwa maoni yake, ni mambo ya wanawake. Yeye haangalii, anasikia tu kwa bahati mbaya. Mteja mmoja, akijaribu sponji la kochi lake jipya, aliwahi kusema kwamba yule dereva alishakufa zamani mtoni. Fundi alimsimulia mkewe jioni akitikisa kichwa: "Watu wanazungumzia vitu wasivyovifuatilia."

Sasa mgongo ulikuwa umemstaafisha, karakana imefungwa, na kiti chake kilitazama kioo.

Jumapili binti yao akaja. Ni mwalimu wa hesabu, na siri ile aliijua tangu chuoni, maana wenzake bwenini walimwambia dereva alishakufa.

"Mama, mwambie kabla hajajionea," alisema kwa sauti ya chini, akimenya vitunguu.

"Nimwambie nini? Kwamba ulisomeshwa kwa amri ya maiti?"

Binti akacheka mpaka akashika meza. "Basi ficha rimoti."

"Nimeificha. Kainuka, kaiwasha kwa kidole. Na mgongo ule!"

"Atakasirika siku moja, yataisha."

"Hasira za baba yako nazijua, zinakuja na kuondoka kama umeme. Siogopi hizo."

Alichoogopa hakukisema, kwa kuwa hakukipatia maneno. Mumewe alikuwa na mambo matatu manne aliyojivunia uzeeni: mapafu yake, undugu wake, binti yake. Ni maamuzi yangu, alipenda kusema, mimi ni mtu wa kufikiri. Akianza kuhesabu kurudi nyuma atakuta kila busara yake ilitoka kwenye kiti cha mkewe. Atabaki na nini? Na yeye Redio, nani atamwamini tena, hata akisema chai iko mezani?

Marudio yakaanza. Fundi aliona kwa mara ya kwanza nyuso alizozisikia kwa miaka, na nyingi hazikumridhisha. Mzee wa saruji alikuwa kijana mno. Jumba lenyewe lilikuwa na makochi mabaya.

"Angalia mshono ule! Tajiri gani anakalia kitu kile?"

Kisha akatokea mtu mfupi, masikio makubwa, kitambaa cha kufutia vioo mkononi.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Mfupi."

"Kazi yake ni ya kukaa."

Fundi akatafakari, akakubali. Tangu hapo, kila alipoingia dereva, alisogeza kiti mbele kidogo, kama mtu anayempisha mgeni.

Siku ya daraja mama hakuficha rimoti, wala hakuzua safari ya sokoni. Alikaa kando ya mumewe, mikono mapajani. Mhasibu akakata breki. Gari likaruka.

"Sasa hapa anatokea dirishani," fundi akamweleza.

Mapovu yakapanda. Yakaisha. Muziki ukapigwa, majina yakapita.

"Wamekata vibaya," fundi akasema. "Wataonyesha kesho."

Kesho yake walionyesha mazishi.

"Wanamzika nani?"

Mama akazidi kutazama kioo.

"Wamekosea mtu. Mtoni watu wanachanganyikiwa." Akangoja. Siku iliyofuata akangoja tena, macho kwenye mlango wa lile jumba. Na siku ya nne mlango ukafunguka, akaingia kijana mrefu, kofia ileile kichwani.

"Huyu nani?"

"Dereva," mama akasema.

Fundi akamgeukia mkewe, taratibu, kwa ajili ya mgongo. Akamtazama kama anavyotazama kochi aliloletewa likiwa limeshafunguliwa na fundi mwingine.

Hakugomba. Aliinuka akaenda karakana, akakaa humo gizani na cherehani yake. Chai ya jioni aliikataa, chakula cha usiku akala sahani mbili. Asubuhi akavaa viatu, akatangaza kwamba anakwenda kwa kaka yake kuurudisha ule ugomvi wa ukuta, kwa kuwa ulikatishwa isivyo halali. Alirudi jioni amebeba mihogo.

"Mmegombana?" mama akauliza.

"Hakuwa na nafasi. Alikuwa anavuna."

Alasiri iliyofuata wakakaa tena, kila mtu kwenye kiti chake. Kijana mrefu akafuta vioo, vibaya.

"Sigara," fundi akasema, macho kwenye televisheni.

"Mimi."

"Kaka yake na ile kofia."

"Mimi."

"Ile kesi? Aliyosingiziwa wizi wa betri, akajitetea bila wakili?"

"Ile nilibuni tu. Ulikuwa na homa."

Fundi akakuna kidevu. "Kesi ile ilikuwa nzuri," akasema. Sauti yake haikuwa ya kusamehe, ilikuwa ya fundi anayekiri mshono wa mwenzake. Kisha akauliza: "Kwa hiyo mimi sikuamua kitu?"

Ndilo swali mama alilokuwa akiliogopa, na lilikuja kwa upole uliomwumiza zaidi.

"Dereva aliacha sigara jioni moja," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aache, akaacha. Wewe ulihangaika mwezi mzima, mikono inatetemeka, misumari inakuponyoka. Hiyo sikuibuni."

Fundi akaitazama mikono yake, moja baada ya nyingine, kana kwamba inaweza kutoa ushahidi.

"Na la kwako?" akauliza.

"La kwangu lipi?"

"Mapafu ni yangu. Kaka, wangu. Chuo, cha mtoto. Miaka yote hiyo una mtu wa kunishika sikio. Hukumtuma hata kitu kimoja chako?"

Mama akaukunja ukingo wa kanga, akaukunjua.

"Nilimtuma. Alimchukua mkewe wakaenda kutembea. Wao wawili tu."

"Sikumbuki."

"Nilikwambia. Mwaka uliofuata nikakwambia tena. Mara ya mwisho ukasema dereva siku hizi hana kazi, ukawasha cherehani."

Kwenye kioo mwanamke alikuwa anapanda ngazi akilia. Fundi akainama kwa taabu, akamzima.

"Walikwenda wapi?"

Mama akafungua mdomo. Alikuwa amempa dereva kikohozi, ndugu, binti, kesi na ushindi wa kesi. Lakini ile safari ya wawili, kila alipoianza, cherehani iliikata mlangoni, na yeye mwenyewe hakuwahi kuiendea mbele.

"Sijui," akasema. "Sikufika huko."

"Basi fika. Nasikiliza."

Mama akaegemea kiti. Nyumba ilikuwa kimya, haikuwa na nyundo tena.

"Ni mbali kidogo," akaanza. "Wanalala huko huko."

"Siku ngapi?"

"Baba, usinikimbize," mama akasema. "Ndiyo kwanza wanatoka mlangoni."