Fundi wa Propela Langoni Al-Sulay

Jackton alifungua na kufunga propela za ndege Nairobi kwa miaka kumi na minane kabla ajenti hajamwahidi ufundi Riyadh. Ikama, kibali chake cha kuishi na kufanya kazi, ilipotoka, kazi iliyoandikwa ilikuwa ulinzi. Akawekwa langoni kwenye bohari moja huko Al-Sulay, bosi wake alikohifadhi ndege za zamani.

Mwaka jana ikaletwa ndege ya miaka ya thelathini, yenye propela ya kizazi cha kwanza cha zile zinazobadili mwinamo wa mapanga hewani. Kabla yake panga lilikaa mwinamo mmoja tu: likifaa kupaa, halikufaa safari. Katika hii, oili ya injini iliyasukuma mapanga yalale kwenye mwinamo wa kupaa. Oili ikiondoka, vyuma vizito viliyarudisha kwenye mwinamo wa safari.

Mhandisi aliyeagizwa kutoka ng'ambo alihangaika nayo wiki mbili. Mapanga hayakusogea.

"Bosi," Jackton akasema, "ile ngozi ya kuzuia oili ndani ya propela imewekwa kinyume. Oili inavuja."

Mhandisi akacheka. Bosi akamwonyesha lango kwa kidevu.

Ijumaa, mhandisi akiwa hotelini, bosi akaja peke yake. "Yalla, Jackton. Fungua."

Alikuwa hajashika spana kwa miaka mitano, lakini mikono haikusahau. Akaigeuza ngozi, akafunga. Injini ilipowashwa, mapanga yakalala taratibu. Bosi akamkumbatia. Jackton alitokwa na machozi, akasingizia moshi.

Ndege ilipopelekwa maonyesho Jeddah, naye Jackton alipelekwa, alinde kamba ya kuzuia wageni. Mkewe Serah, aliyefanya kazi za nyumbani Al-Rawdah, humohumo Jeddah, aliomba ruhusa ya saa mbili aje kumwona. Walikuwa hawajaonana miezi kumi na minne. Wakasimama wakimsikiliza mhandisi akiwaeleza wageni jinsi alivyogundua kosa la ngozi. Bosi alikuwa kando yake, akiitikia kwa kichwa.

"Baba Terry, si hiyo ni kazi yako?" Serah akanong'ona.

"Nyamaza. Utanifukuzisha."

Serah akasema madam wake anamngoja.

Wageni walipoondoka, Jackton akajikaza. "Bosi, niandikie ufundi kwenye ikama."

"Fundi ninaye. Mlinzi mwaminifu ndiye adimu. Halas, yameisha."

Tangu warudi Riyadh, propela ikifunguliwa, Jackton huhamishiwa lango la nje kabisa. Serah hapigi simu kama zamani. Akipiga, huuliza ada ya watoto, akakata.