Lundo Lenye Kitambaa Chekundu

Niliporudi nyumbani Ntalikwa baada ya kumaliza chuo, jambo la kwanza nililolipinga lilikuwa moshi. Kila asubuhi mama alifagia uwanja, akayakusanya majani ya miembe karibu na jiko, akayachoma. Jirani naye alichoma ya kwake. Kufikia saa mbili mtaa mzima unakohoa, na udongo wa bustani yetu umebaki mweupe kama unga wa muhogo. Mbolea ya dukani sikuiamini. Mfuko wake ulikuwa na ahadi nyingi mno.

"Tusichome," nilimwambia mama. "Tuozeshe, tupate mboji."

"Utafagia wewe?"

"Nitafagia."

Akanipa ufagio papo hapo, kabla sijabadili mawazo.

Nilianza lundo nyuma ya banda la mbuzi. Majani ya mwembe ni magumu, hayaozi upesi, kwa hiyo niliyakatakata kwa panga, nikayachanganya na mavi ya mbuzi, maganda ya viazi, majivu kidogo na kila kitu kilichotoka kwenye ufagio. Katikati nikachomeka ufito mrefu. Ndivyo unavyojua kama lundo linafanya kazi: ukiuchomoa, uwe na joto. Mama alijikwaa kwenye ufito huo mara mbili akipita na ndoo, basi nikaufunga kitambaa juu ili uonekane. Kitambaa kilichokuwa karibu kilikuwa chekundu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa akikaa nasi kwenye chumba cha uani. Kwa utani wa bibi na mjukuu alizoea kuniita mume wake. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anauliza, "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Wiki ile ya kitambaa akaanza kuniita msomi. "Marahaba, msomi." Basi, hakuna zaidi.

Miezi ilipopita nikatandaza mboji ya kwanza kwenye tuta la matembele. Ndiyo mboga pekee ambayo bibi aliitafuna bila kuyalalamikia meno yake. Tangu siku hiyo akawa anaisukuma pembeni ya sahani na kumeza ugali kwa maji ya chumvi. Alikuwa anapungua. Mama alisema ni uzee. Mimi sikukubali, maana uzee hauchagui mboga, lakini sababu niliitafuta kila mahali isipokuwa kwangu.

Wakati huohuo lundo langu likawa linafukuliwa. Kila asubuhi nilikuta upande mmoja umechimbuliwa kwa uangalifu, tabaka kwa tabaka. Niliwashuku kuku, lakini walikuwa wanafungiwa. Nikamshuku jirani, ambaye siku moja alikuwa ameniuliza, huku akicheka vibaya, ninafuga nini mle ndani. Jioni moja nikamwaga majivu kulizunguka lundo. Asubuhi yakaonyesha nyayo za kandambili, ya kushoto imelika kisigino. Zilikuwa kandambili zinazokaa mlangoni kwetu, ambazo kila mtu wa nyumba huzivaa akitoka uani. Nikaanza kumtazama mama kwa jicho jingine.

Alfajiri iliyofuata nilijibanza nyuma ya banda. Aliyekuja alikuwa bibi. Alichuchumaa, akachokonoa kwa kijiti, akawa anachomoa nywele zilizochanwa na vipande vya kucha, na kuviweka kimoja kimoja kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, bibi."

Hakushtuka. "Marahaba. Umeamka kunilinda?"

"Nilidhani ni mwizi."

"Mwizi ni anayechukua cha mtu. Hizi nywele za mama yako. Hizi zangu. Umezichukua kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuzichukua, bibi. Zilikuwa kwenye takataka."

"Takataka za nyumba nzima unazirundika mahali pamoja. Unachomeka mti. Unaufunga chekundu. Kila siku unakuja kuushika na kutikisa kichwa. Halafu unaniambia unalisha viazi." Akakaza fundo la khanga. "Moto ulikuwa unamaliza vyote, hakuna aliyemwogopa mwenzake. Wewe ukauzima. Kwa nini?"

Mimi ninayehoji kila kitu sikuwahi kumuuliza mtu yeyote ule moto wa asubuhi unachoma nini hasa. Nilikuwa nimeamua kwamba ni uvivu. Tena, kama ningemwona mtu mwingine akifanya niliyoyafanya, mti na kitambaa na yote, ningemshuku.

Lakini lile fundo nalo nililitazama. "Na wewe unazipeleka wapi?"

"Ahaa. Njoo uone."

Nilimfuata hadi jikoni, nikasimama pale mpaka nikasikia harufu ya nywele zikiungua. Aliniacha nisimame.

Nilikifungua kitambaa siku hiyohiyo, nikaufunga ufito kipande cha mfuko wa sukari. Tukakubaliana kwamba nikishafagia, yeye achambue kwanza. Alichambua kwa wiki nyingi, akikaa kwenye kigoda chake kama afisa forodha, akininyang'anya hata uzi.

Kisha mama akapika matembele kwa karanga. Bibi akaisogeza sahani yake mbele yangu. Kwetu anayemkaribisha mtu pombe hunywa yeye kwanza, mgeni akiona.

"Kula."

Nikala. Alinitazama koo.

"Tena. Chukua ya chini."

Nikachukua ya chini. Akamgeukia mama, wakazungumza habari za mbuzi aliyezaa mapacha, kwa muda mrefu kuliko mbuzi yule alivyostahili. Huku nyuma macho yake yalikuwa yakinirudia. Hatimaye akamega tonge, akachovya, akatafuna taratibu.

"Yana mchanga, mume wangu," alisema, akamega jingine.